Kupanga mji wa wafanyakazi wa mafuta utakaodumu kuliko mafuta yenyewe

Januari 1865 mafuta yalianza kutoka kwenye kisima kimoja huko Pithole, Pennsylvania, Marekani. Kufikia Septemba mwaka huohuo pale pale palikuwa na mji wenye hoteli, benki na watu wanaokadiriwa kufika 15,000 au zaidi. Kisha visima vikafifia, moto ukateketeza majengo ya mbao na watu wakaondoka. Sensa ya mwaka 1870 ilikuta wakazi 237.

Mafuta huleta watu haraka kuliko shughuli nyingine nyingi, na huwaondoa kwa kasi ileile. Anayepanga makazi ya wafanyakazi wa sekta hii kwa hiyo ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwapokea watu wanaofika wengi na ghafla, na kujenga mji ambao mtu asiye na uhusiano wowote na mafuta angependa kuishi. Ndiyo sababu ya kuchagua matumizi mchanganyiko, yaani nyumba, maduka, ofisi, shule, zahanati na karakana ndogo zikikaa karibu kiasi cha kufikika kwa miguu, mara nyingine ndani ya jengo moja. Kambi yenye vitanda na bwalo la chakula hufa siku mkataba unapokwisha. Mtaa wenye fundi viatu, mwalimu, mhasibu na muuguzi una nafasi ya kuendelea.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano ninaouamini. Nyingi hukosewa kwa sababu moja: nyumba huchorwa kabla ya maswali ya mwanzo kujibiwa.

Hatua ya 1: Hakikisha mji mpya unahitajika

Pendekezo Na. 115 la Shirika la Kazi Duniani kuhusu nyumba za wafanyakazi, la mwaka 1961, linasema kwamba kwa ujumla haifai mwajiri awape wafanyakazi wake nyumba yeye mwenyewe, isipokuwa mazingira yakilazimisha, kwa mfano kazi ikiwa mbali sana na miji au mfanyakazi akitakiwa kupatikana haraka. Anayeishi kwenye nyumba ya mwajiri akipoteza kazi hupoteza na paa. Na mwajiri akiwa ndiye mwenye nyumba, mwenye duka na mwenye zahanati, mfanyakazi hana pa kulalamikia.

Basi chukua ramani, chora mwendo wa dakika 45 kwa basi kutoka eneo la kazi, uone kama kuna mji ndani yake. Nimetaja basi kwa makusudi. Mtu aliyetoka zamu yenye urefu wa saa 12 hapaswi kushika usukani kwa safari ndefu. Mji ukiwepo, upanue huo: ongeza maji, shule, viwanja na usafiri. Stavanger nchini Norwe ulikuwa tayari mji wa meli na viwanda vya kusindika samaki pale Ekofisk, eneo la mafuta chini ya Bahari ya Kaskazini, lilipogunduliwa mwaka 1969. Mwaka 1972 serikali ikaweka hapo makao ya kampuni ya taifa ya mafuta na ya kurugenzi ya mafuta. Mafuta yaliukuta mji wenye bandari, shule na biashara zake, yakaongezea juu yake.

Ukilazimika kuanza upya, anza karibu na mji mkubwa kadiri usalama unavyoruhusu. Devon, katika jimbo la Alberta, Kanada, ulipangwa na kampuni ya Imperial Oil baada ya kisima cha Leduc Na. 1 kutoa mafuta tarehe 13 Februari 1947. Uko chini ya mwendo wa saa moja kutoka Edmonton, na ukaribu huo umewapa wakazi wake pa kutafutia kazi nyingine.

Hatua ya 2: Hesabu watu kwa vipindi vitatu

Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukimuuliza msimamizi wa mradi idadi ya wafanyakazi, atakupa namba moja. Usiondoke nayo. Omba namba tatu: ya kilele cha ujenzi, ya miaka ya uzalishaji, na ya baada ya visima kufungwa. Kisha uliza kama ni ya walioajiriwa au ya watakaolala pale usiku mmoja. Kwenye mzunguko wa siku 28 kazini na 28 nyumbani, walioajiriwa ni maradufu ya waliopo.

Chukua mradi wa kubuni. Wakati wa ujenzi, kwa miaka 3, wapo watu 5,000 kwa siku, na 1,000 kati yao wanatoka vijiji vya jirani na kurudi makwao jioni. Vinahitajika vitanda 4,000, karibu vyote vya watu waliokuja bila familia. Ujenzi ukiisha, uzalishaji unaajiri watu 700 kwa miaka 25. Tuseme 300 wanahamia na familia, watu 4 kwa kaya: hao ni 1,200. Waliobaki 400 wanakuja kwa mzunguko, nusu kwa nusu, kwa hiyo ni vitanda 200. Kila kazi ya mafuta ikivuta kazi moja na nusu za huduma, kuna kazi 1,050 za walimu, wauzaji, madereva, mafundi na wengine. Nusu zikichukuliwa na wenyeji pamoja na wenza wa wafanyakazi, zinabaki 525 za watu wapya, na kwa kaya za watu 4 hao ni 2,100. Jumla mji wa kudumu ni watu 3,500 katika kaya 825 pamoja na vitanda 200.

Namba hizi ni za kufundishia tu. Weka za kwako, hasa ukubwa wa kaya na uwiano wa kazi za huduma, kutoka kwenye sensa na utafiti wa soko la kazi wa eneo lako. Lakini tazama kinachojitokeza: kilele ni cha watu 4,000 wasio na watoto, na mji wa kudumu ni wa watu 3,500 ambao wengi wao hawafanyi kazi ya mafuta kabisa. Ni makundi mawili yanayohitaji majengo tofauti. Ukijengea kilele nyumba za kudumu utabaki na mitaa mitupu. Ukijenga kambi tu, familia hazitakuja, na wahandisi wazuri wataondoka baada ya mwaka.

Ongeza kundi jingine ambalo halimo kwenye karatasi yoyote ya kampuni: wanaokuja kutafuta kazi bila kuitwa. Watakuja. Usipowatengea mahali watajenga langoni, kandokando ya barabara ya malori, bila maji wala choo. Watengee viwanja vidogo vyenye barabara, bomba la maji na njia ya majitaka, kwa bei wanayoweza kulipa kidogokidogo, na uviweke ndani ya mji, pembeni mwa soko. Kundi hili ndilo huzaa mafundi na wafanyabiashara wa kesho.

Usidhani kasi hii ni ya karne ya 19 pekee. Williston, mji wa mafuta katika jimbo la North Dakota, Marekani, ulikuwa na wakazi 14,716 kwenye sensa ya 2010 na 29,160 kwenye sensa ya 2020, na katikati ya miaka hiyo bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka.

Hatua ya 3: Chora kwanza pasipojengwa

Kabla ya kuweka nyumba hata moja kwenye ramani, paka rangi maeneo ambayo hakuna mtu atakayelala, kusoma wala kulazwa. Fanya kazi hii pamoja na wahandisi wa usalama wa mradi, na udai wakupe kwa maandishi matokeo ya uchambuzi wa hatari: mlipuko ukitokea wimbi lake linafika wapi, moto unafika wapi, gesi inasambaa hadi wapi.

Gesi ndiyo inayosahauliwa. Mafuta na gesi ya maeneo mengi huwa na haidrojeni salfaidi. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa kufuata mabonde na kutulia kwenye mashimo. Ina harufu ya mayai yaliyooza, lakini harufu hiyo si kinga: kiwango kikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi na mtu hudhani gesi imeondoka. Usiku wa tarehe 23 Desemba 2003, gesi yenye sumu hiyo ilifumuka kutoka kisima kilichokuwa kikichimbwa Kaixian, katika eneo la Chongqing, China. Watu 243 walikufa, wengi wao wanakijiji waliokuwa wakiishi karibu. Kwa hiyo linganisha ramani ya vilima na mabonde na mielekeo ya upepo ya mwaka mzima, mchana na usiku. Upepo mtulivu wa usiku ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu gesi haitawanyiki. Bonde linaloshuka kutoka visimani kuelekea kwenye makazi si mahali pa shule, hata kama kwenye ramani linaonekana liko mbali.

Umbali wenyewe uwe kiasi gani? Sheria zinatofautiana. Jimbo la Colorado, Marekani, kwa kanuni za mwaka 2020, iliweka futi 2,000, yaani mita 610 hivi, kati ya visima vipya na nyumba au shule. California, kwa sheria ya 2022, ilichagua futi 3,200, karibu mita 975. Hizo ni namba za kuanzia mazungumzo. Kwa kiwanda cha kusafisha mafuta, matangi makubwa ya gesi au visima vyenye sumu nyingi, uchambuzi unaweza kudai zaidi, na ukidai zaidi ufuate huo.

Kisha linda ukanda huo kisheria, maana uwanja mtupu hauna ulinzi. Novemba 1984 matangi ya gesi ya kupikia yalilipuka San Juan Ixhuatepec, pembeni mwa jiji la Mexico, na kuua watu wapatao 500. Makazi yalikuwa yamesogea kadiri miaka ilivyopita hadi nyumba za karibu zikawa mita 130 hivi kutoka kwenye matangi. Ukanda usio na kazi huvamiwa. Upe kazi: msitu wa kupandwa, malisho, kilimo, mitambo ya umeme wa jua. Uwe na mmiliki anayejulikana, na matumizi yake yaandikwe kwenye hati ya ardhi.

Usisahau majengo ya muda. Machi 2005, mlipuko katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texas City uliua watu 15, wote wakiwa ndani au karibu na trela zilizowekwa kama ofisi jirani na mtambo. Sheria ya umbali inahusu kila mahali mtu anapokaa, hata kama ni kwa miezi mitatu.

Reli nayo iwe kwenye ramani hii. Tarehe 6 Julai 2013 treni yenye mabehewa 72 ya mafuta ghafi, ikiwa imeachwa juu ya mteremko bila mtu, ilianza kujitembeza ikaangukia katikati ya mji wa Lac-Mégantic, Kanada. Watu 47 walipoteza maisha. Njia ya mafuta, iwe bomba, reli au barabara ya malori ya matangi, isipite katikati ya mji, na maegesho ya mabehewa yasiwe juu ya mteremko unaoelekea kwenye watu.

Hatua ya 4: Njia mbili za kutoka

Mei 2016 moto wa msituni ulivamia Fort McMurray, mji wa mchanga wa mafuta, yaani mchanga wenye mafuta mazito ndani yake, huko Alberta. Watu wapatao 88,000 waliondolewa, na njia yao kuu ilikuwa barabara moja, Na. 63. Majengo yapatayo 2,400 yaliungua. Mji uliokusudiwa kukaa karibu na mafuta uwe na barabara mbili za kutoka zisizotegemeana, zinazoelekea pande tofauti, na angalau moja isipite upande wa visima. Kama bajeti inaruhusu barabara moja nzuri ya lami au mbili za changarawe zinazopitika mwaka mzima, mimi naanza na mbili.

Malori yawe na njia yao inayozunguka mji. Yadi za mitambo, ghala la kemikali, hifadhi ya vilipuzi vinavyotumika kutoboa kuta za visima na ya vyanzo vya mionzi vya kupimia miamba vyote vikae ng'ambo ya njia hiyo. Watu wengi wanaopanga miji hawajui kama vitu hivi viwili vya mwisho vipo kwenye kazi ya mafuta. Vipo, na mkandarasi mdogo akikosa yadi atavihifadhi nyuma ya nyumba aliyopanga.

King'ora kisikike kila mtaa, na kila mtaa uwe na sehemu mbili za kukusanyika, ili watu waende kwenye ile iliyo upande upepo unakotokea. Bendera za kuonyesha upepo ziwe juu ya majengo ya umma, zionekane na watoto wa shule.

Hatua ya 5: Maji

Chimba visima vya maji upande ambao maji ya ardhini yanatokea kabla ya kufika kwenye mafuta, na upime ubora wake kabla mtambo wa kwanza haujafika. Vipimo hivyo vya mwanzo ndivyo ushahidi pekee utakaokuwa nao baadaye. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 kuhusu Ogoni, Nijeria, ilikuta wakazi wa Nisisioken Ogale wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango elekezi cha Shirika la Afya Duniani. Weka visima vya uchunguzi kati ya mafuta na chanzo cha maji, na matokeo yabandikwe hadharani.

Kwa majitaka, jenga mitambo kadhaa midogo inayoweza kuwashwa na kuzimwa mmoja mmoja. Mtambo mmoja mkubwa uliosanifiwa kwa kilele haufanyi kazi vizuri watu wakipungua, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji hukosa chakula.

Hatua ya 6: Changanya, ukijua nini hakichanganyiki

Sasa ndipo uchore mji. Anza na mtaa mkuu mmoja, mfupi, wenye watu. Mji wa watu 3,500 hauwezi kujaza mitaa mitatu ya maduka, na maduka yaliyotawanyika hufa yote. Weka soko, kituo cha mabasi, zahanati, ofisi ya serikali za mitaa na nyumba za ibada ndani ya mita 400 hivi za kituo hicho, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Basi la wafanyakazi lisimame pale pale sokoni. Likiwa na kituo chake ndani ya uzio wa kampuni, mshahara utapita kando ya mji bila kugusa biashara yoyote.

Majengo ya mtaa mkuu yawe ya ghorofa mbili hadi nne, ghorofa ya chini ikiwa na dari ya juu, kama mita 4, na nguzo zilizoachana badala ya kuta nyingi za kubeba uzito. Chumba cha namna hiyo leo kinaweza kuwa ofisi ya mkandarasi, kesho duka, keshokutwa darasa la ufundi. Ghorofa za juu ziwe nyumba. Hapa simshauri mtu abane matumizi: gharama ya ziada ya kujenga jengo linalobadilika ni ndogo ukilinganisha na kubomoa.

Saa za mji huu si za miji mingine. Zamu nyingi hubadilishana saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Basi linaondoka kabla ya hapo, kwa hiyo duka la chakula na kituo cha kulelea watoto vinatakiwa kuwa wazi saa 11 alfajiri. Kituo cha watoto kinachofungua saa 2 asubuhi kinamzuia mama kufanya kazi kwenye mtambo, hata kama mkataba wa ajira unamkaribisha. Zahanati iwe wazi usiku. Njia kati ya kituo cha basi na nyumba ziwe na taa na watu, na njia rahisi ya kupata watu ni kuweka juu yake vitu vinavyofunguliwa usiku.

Kuna pia watu wanaolala mchana. Aliyetoka zamu ya usiku anahitaji giza na kimya saa 4 asubuhi, wakati watoto wako mapumzikoni na fundi wa vyuma anakata bati. Vyumba vya kulala viangalie upande wa ndani wa jengo, mbali na mtaa, kuta ziwe nzito, madirisha yawe na vifuniko vya kuzuia mwanga na chumba kipoe bila kufungua dirisha. Majengo ya wafanyakazi wa zamu yasipakane na uwanja wa shule. Mnara wa kuchomea gesi nao hutoa mwanga na mngurumo usiku kucha, kwa hiyo nyumba ziupe mgongo na safu ya miti mirefu ikae katikati.

Karakana za magari, uchomeleaji na useremala ziruhusiwe ndani ya mji, kwenye mtaa wao wa pembeni wenye nyumba za mafundi juu au nyuma. Kisichoruhusiwa ni kemikali za visima, mafuta kwa wingi, usafishaji wa mabomba yaliyotoka ardhini (baadhi huwa na masalia ya mionzi ya asili) na maegesho ya malori ya matangi. Andika orodha hiyo kwenye sheria ndogo za mji kwa majina, maana neno "viwanda vidogo" peke yake litafungua mlango kwa kila kitu.

Hatua ya 7: Vitanda vya kupita

Kambi ya ujenzi haiepukiki. Mwongozo wa mwaka 2009 wa IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, na benki ya maendeleo ya Ulaya, EBRD, unataja kati ya watu 2 na 8 kwa chumba, umbali wa mita 1 kati ya vitanda na choo kimoja kwa watu wasiozidi 15. Chukua hivyo kama kiwango cha chini kabisa. Kwa watu wa zamu, naona mtu mmoja kwa chumba kuwa sahihi, au wawili wa zamu zinazopishana.

Muhimu zaidi ni mahali pa kambi. Iweke kwenye ardhi ambayo tayari imepangiwa matumizi ya baadaye, kama chuo cha ufundi, viwanja vya awamu ya pili au eneo la viwanda vidogo. Barabara na mabomba yake ya chini ya ardhi yalazwe kwa vipimo vya matumizi hayo. Kambi ikiondoka, mtaa unabaki na huduma zake. Mkataba utaje tarehe ya kuondoa vyumba, na amana ya fedha ishikwe na mamlaka ya mji mpaka udongo usafishwe. Mwaka 2015 uongozi wa Williston ulipiga kura kuzifunga kambi za wafanyakazi wakati nyumba za kudumu zilizokwisha kujengwa zilikuwa zikikosa wapangaji, na kampuni za kambi zikapinga. Ugomvi wa namna hiyo huisha mapema kama tarehe iliandikwa siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Usipange mji kwa vyeo

Abadan, Iran, ambako kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1912, mtaa wa Braim wenye bustani ulikuwa wa maofisa wa Kiingereza, huku vibarua wengi wakikosa nyumba za maana. Mwaka 1946 mgomo mkubwa ulitikisa eneo hilo, na mwaka 1951 mafuta yakataifishwa. Huko Dhahran, Saudi Arabia, Wamarekani waliishi kambi yao na wafanyakazi Wasaudi yao, na katika mgomo wa Oktoba 1953 makazi yalikuwa miongoni mwa malalamiko. Sisemi nyumba peke yake zilileta hayo. Nasema mtu anayepita kila siku mbele ya uzio wa mwenzake anayefanya naye kazi hahitaji kuelezwa anahesabiwa vipi.

Kwa hiyo weka nyumba za ukubwa tofauti ndani ya mtaa mmoja. Mhandisi apate vyumba vitatu na mlinzi viwili, lakini bomba, barabara, shule na bustani viwe vilevile. Uzio uzunguke mitambo, si watu. Zahanati na shule zilizojengwa na kampuni zipokee kila mkazi, na wanakijiji waliokuwepo kabla ya mafuta wawe wa kwanza. Kama ardhi ilikuwa yao, fidia ya fedha haitoshi: wape pia viwanja kwenye mtaa mkuu, ili kodi za maduka ziwafikie miaka yote mji utakapokuwa hai.

Hatua ya 9: Umiliki na uongozi

Kampuni iwape wafanyakazi posho ya nyumba au mkopo wa kujenga, na iache biashara ya kuwa mwenye nyumba. Aramco, kampuni ya mafuta huko Saudi Arabia, ilianza mpango wa mikopo ya nyumba kwa wafanyakazi wake Wasaudi mwaka 1951, na watu wakajenga katika miji ya kawaida ya Dammam na Al-Khobar. Ongeza sharti moja: kampuni isikodi zaidi ya sehemu fulani ya nyumba za mji, tuseme theluthi, maana ikikodi zote kwa bei yoyote, mwalimu na muuguzi hawatapata pa kuishi. Tenga mapema nyumba za watumishi hao.

Mji uongozwe na baraza lililochaguliwa na wakazi, lenye bajeti yake. Kukabidhi maji, taa na takataka kwa baraza kuanze mwaka wa kwanza, huduma moja baada ya nyingine, wakati kampuni ingali na mafundi wa kufundisha.

Hatua ya 10: Jenga kwa dalili, acha tarehe

Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Ratiba iliyofungwa kwa tarehe isingestahimili hilo. Andika kwamba awamu ya pili itaanza pale asilimia 85 ya nyumba za awamu ya kwanza zitakapokuwa na watu kwa miezi 12 mfululizo, au kigezo kingine utakachokubaliana na wafadhili, na ukiheshimu hata wanasiasa wakiharakisha.

Tangu mwaka wa kwanza pima sehemu ya ajira za mji zisizotegemea mafuta. Chuo cha ufundi kifundishe umeme, uchomeleaji, mabomba na udereva wa mitambo kwa vyeti vinavyotambulika nje ya sekta. Mfuko wa kufunga visima na kusafisha ardhi ujazwe wakati mafuta yanatoka, kwa mkataba ambao kampuni itakayouziwa mradi baadaye italazimika kuurithi.

Hatimaye ingiza kila kisima, kinachofanya kazi na kilichozibwa, kila bomba na kila shimo la tope la kuchimbia kwenye daftari la ardhi la serikali, kwa vipimo kamili. Los Angeles imejengwa juu ya maeneo ya mafuta ya zamani, na Machi 1985 gesi ya methani iliyopenya chini ya duka moja eneo la Fairfax ililipuka na kujeruhi watu zaidi ya 20. Nakala moja ya daftari ikae kwa baraza la mji, na kibali cha ujenzi kisitolewe kwa yeyote kabla afisa hajalifungua na kusaini kwamba kiwanja kimekaguliwa.